Darasa la awali: Nusu siku au siku nzima? Hesabu inayowaumiza vichwa wazazi Njombe na Makambako

Na Mwandishi Wetu, Njombe

KILA mwaka shule zinapofunguliwa mwezi Januari, mjini Njombe huonekana picha ile ile. Ukungu haujainuka, mvua ya usiku imeacha matope barabarani, na watoto wa miaka mitano waliovikwa masweta makubwa kuliko miili yao wanashikwa mikono kupelekwa shule kwa mara ya kwanza.

Saa chache baadaye, kabla jua halijafika utosini, wengi wao huwa wamekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Mama yuko shambani akivuna viazi au akichuma chai. Baba yuko kwenye mbao. Mtumishi wa umma yuko ofisini hadi saa 9:30 alasiri. Nani atakayempokea mtoto, nani atakayempa chakula cha mchana, na nani atakayekuwa naye hadi jioni?

Ni swali dogo kulisikiliza, lakini ndilo linaloamua iwapo mtoto ataandikishwa katika darasa la awali la shule ya Serikali ya jirani, atapelekwa shule binafsi inayokaa naye hadi alasiri, au atabaki nyumbani mwaka mmoja zaidi.

Makala haya yanaeleza utaratibu wa elimu ya awali ulivyo, sababu za watoto kuruhusiwa mapema, faida na hasara za nusu siku na za siku nzima, pamoja na mambo ambayo mzazi anapaswa kuyapima kabla ya kuamua.

Ilikotoka

Kwa miaka mingi, malezi ya watoto wadogo nje ya nyumba hayakuhesabiwa kuwa sehemu ya mfumo rasmi wa elimu nchini. Yalikuwa kazi ya shule zilizoitwa za vidudu, vituo vya vijiji, mashirika ya dini na sehemu za kazi. Mwaka 1981 Bunge lilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na usimamizi wake ukawekwa upande wa ustawi wa jamii.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, iliyoitambua elimu ya awali kwa watoto wa miaka mitano na sita. Tangu hapo shule za msingi za Serikali zilianza kutakiwa kuwa na darasa la awali.

Sera ya mwaka 2014 ilisogea hatua nyingine kwa kuifanya elimu hiyo kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Ulipotoka Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada ilifutwa kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016.

Matokeo yake yalionekana mara moja. Watoto walifurika, huku vyumba na walimu wakibaki karibu vile vile. Takwimu za miaka iliyofuata ziliwahi kuonyesha mwalimu mmoja mwenye sifa ya kufundisha awali akihudumia watoto zaidi ya 100 katika shule za Serikali, ilhali uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25.

Sera hiyo ilifanyiwa marekebisho, na toleo lake la mwaka 2023 likazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma Februari 1, 2025. Mtaala mpya ulikuwa umekwisha kuanza kutumika katika darasa la awali Januari 2024. Elimu ya awali imebaki kuwa ya mwaka mmoja, na mtoto anatarajiwa kuingia darasa la kwanza akiwa na miaka sita.

Kwa hiyo mzazi ana mwaka mmoja tu wa kumwandaa mwanawe. Ndiyo maana mabishano kuhusu saa za mwaka huo si ya kupuuzwa.

Kwa nini huruhusiwa mapema

Wapo wazazi wanaodhani kwamba walimu huwaruhusu watoto mapema ili wao wapumzike. Sababu za msingi ni nyingine.

Ya kwanza ni ya kitaalamu. Mtoto wa miaka mitano hawezi kutuliza akili yake katika jambo moja kwa muda mrefu. Mtaala wa mwaka 2016 ulikiweka kipindi kimoja cha darasa la awali kuwa dakika 20, na ulisisitiza mtoto ajifunze kwa michezo, nyimbo, hadithi na vitendo badala ya kukaa akinakili kutoka ubaoni.

Ya pili ni chakula. Shule isiyo na uji wala mlo wa mchana haiwezi kumshikilia mtoto mdogo hadi saa 8 bila kumtesa.

Ya tatu ni nafasi. Penye upungufu wa vyumba, chumba cha awali huhitajika kwa darasa jingine baadaye, na mwalimu wa awali naye huwa na vipindi katika madarasa ya juu.

Ni kweli kwamba Serikali imekuwa ikijenga madarasa ya awali ya mfano, hasa kupitia mradi wa BOOST ulioanza mapema katika miaka ya 2020. Hata hivyo, jengo zuri peke yake haliongezi saa za mtoto shuleni iwapo hakuna jiko, hakuna mahali pa kulala na hakuna mtu wa kumwangalia mchana.

Hesabu ya mzazi

Mtumishi wa umma huanza kazi saa 1:30 asubuhi na kumaliza saa 9:30 alasiri. Mtoto akiruhusiwa saa 5:30, pana pengo la saa nne kila siku. Kwa wiki ya siku tano ni saa 20, na kwa mwaka wa masomo wenye siku 194 ni saa 776.

Saa hizo lazima zilipiwe na mtu. Mwenye uwezo humlipa dada wa kazi. Mwenye bibi karibu humtegemea bibi. Asiye na huyu wala yule humwacha mtoto kwa jirani, humfungia ndani, au humpeleka kazini kwake.

Mchukulie mama mwenye genge Makambako. Mji huo upo njia panda, mahali barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapopokea ile ya kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita hapo. Malori na mabasi hayakatiki mchana wala usiku. Biashara yake inachanganya saa zile zile za mchana ambazo mtoto anatoka shule. Akifunga genge amfuate, anapoteza wateja. Asipomfuata, mtoto anavuka barabara ya malori.

Mkulima naye ana hesabu yake. Katika msimu wa kupanda na kupalilia, shamba linaweza kuwa mbali na nyumbani kwa mwendo wa saa nzima au zaidi. Kumfuata mtoto mchana ni kuiua siku ya kazi. Ndiyo sababu katika baadhi ya kaya mtoto huacha kwenda shule msimu wa kilimo unapopamba moto, si kwa sababu wazazi hawaithamini elimu, bali kwa sababu ratiba ya shule na ratiba ya jembe hazikutani.

Ipo pia kumbukumbu ambayo wakazi wa Njombe hawaizungumzi kwa sauti kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019, mkoa huo ulikumbwa na matukio ya kutekwa na kuuawa kwa watoto wadogo. Watoto wapatao 10 waliripotiwa kupoteza maisha, na matukio hayo yalihusishwa na imani za kishirikina. Wazazi walilazimika kuwasindikiza watoto wao shule na kuwafuata.

Mzazi aliyeishi siku zile hawezi kuambiwa kirahisi kwamba mtoto wa miaka mitano atarudi peke yake saa 5 asubuhi, wakati nyumba nyingi hazina mtu.

Siku nzima isiyo na mpango

Lipo jambo ambalo aghalabu husahaulika katika mjadala huu. Watoto wengi wanaohesabiwa kuwa wa nusu siku, kwa kweli hukaa shuleni siku nzima.

Hao ni wale wanaokwenda na kurudi na kaka au dada zao wa madarasa ya juu. Darasa lao likiisha, hubaki uwanjani, chini ya mti au nje ya dirisha la darasa la nne, wakisubiri hadi alasiri. Hawana mwalimu, hawana chakula, hawana pa kulala, na mwezi Juni na Julai, baridi ya Njombe inapofikia kiwango cha umande kuganda, hawana hata pa kujikinga.

Kwa familia hizo, kinachotakiwa kuamuliwa si idadi ya saa. Mtoto yuko shuleni siku nzima tayari. Kinachotakiwa ni saa hizo za mchana ziwe na mpango au ziendelee kuwa za kusubiri.

Suala la chakula

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ni miongoni mwa maghala ya chakula nchini. Mahindi, viazi mviringo, maharage, maziwa na sasa maparachichi hutoka huko kwenda mikoa mingine na nje ya nchi.

Pamoja na neema hiyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 50 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Iringa ndiyo iliyoongoza, ikiwa na takriban asilimia 57.

Wataalamu wa lishe hueleza kwamba chanzo si ghala tupu. Mtoto hulishwa mara chache kwa siku, chakula huwa cha aina moja, na mama mwenye kazi nyingi hukosa muda wa kumlisha. Kwa maneno mengine, udumavu wa Njombe una uhusiano na swali lile lile la nani yuko na mtoto mchana.

Ni vyema ieleweke kwamba udumavu hujengeka zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba hadi miaka miwili, hivyo uji wa shule hauwezi kuufuta kwa mtoto wa miaka mitano. Lakini mtoto mwenye njaa hasikilizi, na aliyeanza maisha kwa lishe duni anahitaji zaidi, wala si pungufu, ya mlo wa mchana.

Hapo ndipo unapokuja utata wa michango. Januari 2018, Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alipiga marufuku michango iliyokuwa ikitozwa wanafunzi shuleni. Baadhi ya wazazi walielewa kwamba hata chakula ni jukumu la Serikali pekee. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni uliotolewa baadaye umeweka wazi kuwa wazazi na jamii wana sehemu yao, kwa makubaliano na si kwa kumfukuza mtoto ambaye mzazi wake hajachangia.

Mchango huo si lazima uwe fedha. Debe la mahindi, maharage, kuni au siku ya zamu jikoni vinatosha kuanzisha uji wa saa 4.

Tafiti zinasemaje

Nchi nyingine zimekwisha kulipitia swali hili, na majibu yake yana funzo.

Nchini Marekani, miaka 50 iliyopita watoto wengi wa chekechea walisoma nusu siku. Leo walio wengi wanasoma siku nzima. Watafiti waliowafuatilia watoto walioanza chekechea mwaka 1998 walibaini kuwa wa siku nzima walimaliza mwaka wakiwa mbele kiasi katika kusoma na kuhesabu, lakini tofauti hiyo ilififia kadiri walivyopanda madarasa, na kufikia darasa la tatu ilikuwa karibu kwisha.

Nchini Uingereza, utafiti ulioanza mwaka 1997 na kuwahusisha watoto wapatao 3,000 ulikuta kwamba waliohudhuria siku nzima hawakupata faida kubwa zaidi ya wale wa nusu siku. Kilicholeta tofauti ni ubora wa kituo, sifa za walimu na yale ambayo wazazi wanayafanya na watoto wao nyumbani.

Finland, inayosifiwa kwa elimu yake, hutoa elimu ya awali ya saa zisizopungua 700 kwa mwaka, sawa na takriban saa nne kwa siku. Muda unaobaki si wa masomo. Mtoto ambaye wazazi wake wako kazini huendelea na malezi, yaani kula, kulala na kucheza.

Jirani zetu Kenya, ambako elimu ya awali iko chini ya serikali za kaunti, Kaunti ya Nairobi ilianzisha mwaka 2023 mpango wa chakula cha mchana shuleni unaohusisha pia watoto wa awali, mzazi akichangia shilingi tano za huko kwa mlo. Jikoni ndiko walikoanzia.

Funzo linalojitokeza ni kwamba saa nyingi peke yake hazimfanyi mtoto kuwa hodari. Saa tatu au nne za kufundishwa vizuri zinatosha kwa akili ya mtoto wa miaka mitano. Saa zinazozidi hapo zina thamani kwa sababu nyingine: usalama wake, chakula chake na kazi ya mzazi wake.

Hesabu rahisi inaonyesha hivyo. Mwalimu mwenye watoto 25 akitoa dakika moja kwa kila mtoto, anatumia dakika 25. Akiwa na watoto 75, anahitaji saa moja na robo kwa kazi hiyo hiyo. Kumwongeza mtoto saa tatu katika darasa la namna hiyo bila kumwongeza mwalimu ni kumwongezea muda wa kukaa tu.

Shule binafsi na vituo

Wazazi wenye kipato hukimbilia shule binafsi, ambazo nyingi hukaa na mtoto hadi alasiri, humpa chakula na humrudisha kwa gari. Huduma hiyo ni ya kweli na haina budi kutambuliwa. Hata hivyo, mzazi asichanganye siku ndefu na elimu bora. Mtoto wa miaka mitano anayejaziwa madaftari ya mazoezi kutwa, kisha akapewa mengine ya kufanyia nyumbani, hapati chekechea. Anapewa darasa la pili kabla ya wakati.

Usingizi nao si wa kupuuza. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuwa mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Mtoto wa mitano hayuko mbali na hapo. Anayeamshwa saa 11 alfajiri kuwahi gari na kurudi jioni anadaiwa usingizi kila siku.

Mlango wa bweni umekwisha kufungwa. Kwa waraka wa Wizara ya Elimu ulioanza kutumika Machi 2023, bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne limezuiwa, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wazazi waliokuwa wakitumia bweni kama jibu la kukosa mlezi wamerudi kwenye swali hili hili.

Kwa wengine, njia ya kati ni kituo cha malezi ya mchana. Mtoto anasoma darasa la awali la Serikali asubuhi, kisha anapelekwa kituoni hadi mzazi amalize kazi. Vituo hivi vinatakiwa kusajiliwa na kukaguliwa na Ustawi wa Jamii, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 imevitaja kuwa sehemu ya malezi ya watoto hadi miaka minane. Mzazi ana haki ya kuomba kuona cheti cha usajili.

Mambo ya kupima

Kabla ya kuamua, mzazi anashauriwa kufika shuleni mwenyewe, si siku ya kuandikisha tu, bali asubuhi moja ya kawaida darasa likiendelea, na kuangalia haya:

Kwanza, mwalimu ana watoto wangapi, na je, amesomea awali au amepangiwa tu. Pili, kuna uji au mlo, na unapatikana siku zote au msimu wa mavuno pekee. Tatu, vyoo vinamfaa mtoto mdogo na maji ya kunawa yapo.

Nne, baada ya vipindi vya asubuhi mtoto anafanya nini na chini ya uangalizi wa nani. Iwapo jibu ni kwamba anamsubiri dada yake, hiyo si siku nzima ya shule. Tano, kuna mkeka au godoro la kulala mchana. Sita, mtoto anatoka kwa utaratibu gani, na anakabidhiwa kwa nani.

Iwapo nyumbani kuna mtu mzima anayeaminika na chakula kipo, nusu siku inatosha, na mzazi asijione amemnyima mwanawe kitu. Mchana wa kucheza, kusimuliwa hadithi na bibi na kutumwa kuleta kijiko jikoni nao ni shule.

Iwapo nyumbani hakuna mtu, siku nzima yenye chakula, mapumziko na uangalizi ni bora kuliko mtoto kuzurura au kufungiwa. Na iwapo shule haina mpango huo, mahali pa kuanzia ni mkutano wa wazazi na kamati ya shule. Wazazi 40 wanaokubaliana wanaweza kumlipa mlezi mmoja wa mchana na kuchangia mahindi ya uji, kwa gharama ndogo kuliko kila mmoja kumtafuta dada wake wa kazi.

Kwa upande wa Serikali, kinachodaiwa hakihitaji sera mpya. Ni walimu wa awali wa kutosha na jiko katika kila shule, kuanzia Makambako hadi Manda, kule mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa.

Wahenga walinena, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika mwaka huu mmoja wa awali, malezi hayo yamegawanywa kati ya mwalimu wa asubuhi na mtu wa mchana. Mwalimu anajulikana kwa jina na mshahara wake unatoka hazina. Mzazi anayemwandikisha mtoto Januari ijayo hana budi kuhakikisha kwamba huyo wa pili naye anajulikana.